Ijumaa Niliyonyamaza

Najua mstaafu huwa na mvi, fimbo, na saa ya ukutani aliyopewa siku ya kuagwa. Mimi sina hata kimoja. Nina miaka ishirini na tisa na meno yangu yote. Lakini kazi niliyoifanya imekwisha, na tunaojua ilivyofanywa tumebaki wawili, mwenzangu haoni, basi kalamu nashika mimi, darasa la saba wa Mshangano. Ninyi wadogo mnaodhani hostia, ile mikate myembamba ya komunyo, zinaota zenyewe kwenye kabati la sakristia, kaeni niwaambie.

Siku ya kwanza mama alinipeleka kwa masista amenikamata mkono kama kashika mwizi wa kuku. Tukamkuta Sista Msimamizi mlangoni kwenye nyumba ya hostia, chumba kimoja nyuma ya kanisa chenye bomba la moshi.

"Tumsifu Yesu Kristo," mama akasema.

"Milele amina."

"Sista, nimemleta Koleta. Kamaliza la saba. Mikono anayo, tatizo mdomo."

Sista akanigeukia. Nikamwamkia vizuri tu, "Shikamoo Sista," kisha nikaona miwani yake. "Hiyo miwani imevunjika mguu, Sista, umeifunga na uzi mweupe. Ungefunga na mweusi isingeonekana."

Mama akafumba macho. Nadhani alikuwa anaomba ardhi impokee.

"Anaongea hivi siku nzima?" Sista akauliza.

"Mpaka alale, Sista. Na akilala siku nyingine anaendelea."

"Anafaa. Aanze leo."

Mama akarudi nyumbani hajaelewa. Mimi nilielewa: nimechukuliwa kwa sababu ya uzuri.

Watu wakisimulia kazi zao husema nilihamishiwa Mbinga, nikahamishiwa Tunduru. Na mimi nilihamishwa. Kituo changu cha kwanza kilikuwa chekeche, nikachekecha unga mpaka kope zikawa nyeupe. Baada ya mwaka nikahamishiwa kwenye beseni, safari ya hatua mbili. Kutoka hapo nikapandishwa cheo kwenda kwenye chuma, karibu na dirisha, kwenye upepo. Sijawahi kulipwa nauli ya uhamisho.

Kwenye beseni ndiko unakokorogwa uji. Tunauita uji ila ukiunywa utasikitika: unga wa ngano na maji, basi. Chumvi hakuna, sukari hakuna, hamira usiitaje hata kwa utani. Chuma chenyewe ni mabamba mawili mazito yenye mipini mirefu, moja limechorwa misalaba. Unakipaka nta ya nyuki kidogo, unamwaga uji, unafunga, unaweka juu ya mkaa na kusali Salamu Maria moja upande huu, moja upande ule. Ukisali haraka unatoka mbichi. Ukisali kwa uchaji mno unaungua. Kinachotoka tunaita jani, jembamba, gumu kama kigae. Majani yanalazwa usiku mmoja ndani ya kitambaa chenye unyevu yalainike, maana ukiyakata makavu yanavunjika. Asubuhi unayakata na kikatio, kibomba cha chuma chenye makali, kila pigo hostia moja. Vipande vya pembeni tulikuwa tunawagawia watoto wa jirani. Mimi nilijihesabu mtoto wa jirani.

Mkuu wa kazi alikuwa Bibi Skola, aliyeanza kuchoma hostia kabla mama yangu hajaolewa. Vidole vyake viliungua mara nyingi mpaka vikazoea, alikuwa anashika jani la moto kama anashika leso. Alikuwa na desturi moja. Jani la kwanza la kila siku alimega pembe, akaiweka kwenye ulimi, akatulia. Kisha akasema, "Ngano." Hapo ndipo kazi inaendelea. Hakuwahi kuiruka, ila siku ya mfungo.

Mwaka wangu wa pili nilimwona ameweka jani lililoungua kabisa katikati ya mazuri.

"Bibi, hilo jeusi."

"Jeusi wapi?"

"Jeusi kama mimi, bibi."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akalipapasa lile jani pande zote. "Koleta mjukuu wangu, usimwambie Sista. Nikitolewa hapa sijui nitakaa wapi na mikono hii."

"Nisiseme nini? Kwani mimi nimeona kitu? Tuko wawili tusioona."

Kuanzia siku ile nikawa redio. "Bibi, nafungua chuma. Rangi nzuri. Naleta jani, liko kushoto kwako. Sogeza kiwiko, kuna beseni. Sista anapita dirishani, inama kidogo kama unakagua." Naye anainama, anakagua hewa. Miaka inapita, hostia zinatoka safi, na mimi najiona mjanja kuliko masista wote.

Sasa nije kwenye Juma Kuu la mwaka mmoja, wiki ya kuelekea Pasaka. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara na gari la unga likakwama. Tulikuwa tumeshapeleka hostia kwenye vigango vyote, yale makanisa madogo ya parokia, isipokuwa kimoja, kile cha mbali ng'ambo ya mto, na Katekista wa huko, mwalimu wa dini, angekuja Jumamosi kuchukua bati lake, kopo kubwa la hostia. Ijumaa Kuu asubuhi nikafunua pipa la unga. Unga uliobaki usingefika hata nusu ya bati.

Ningesema, ingechukua pumzi moja. Lakini Sista alikuwa mjini, na mimi nilitaka sifa. Nilitaka siku moja isemwe, Koleta alikuta pipa tupu na bati likajaa. Nyumbani ngano ya maandazi ikipungua tunafanyaje? Tunaongeza muhogo. Jikoni kwa masista kulikuwa na unga wa muhogo, mweupe, laini. Nikauchekecha mara tatu kwa adabu zote, nikauchanganya.

Wadogo zangu, majani yalitoka meupe kama mashuka ya harusi. Sijawahi kuona mazuri vile. Na pembe ya jani la kwanza haikumegwa, kwa sababu Ijumaa Kuu Bibi Skola anafunga, hali hata punje, na mfungo wake hufika mpaka usiku wa Pasaka. Yale majani yakapita mbele ya ulimi pekee ambao ungeyakamata.

Jumamosi asubuhi tukakata. Katekista akafika na baiskeli yake, matope mpaka magotini.

"Mwalimu, shikamoo. Umekuja na baiskeli au umekuja na shamba?"

"Marahaba, chiriku. Bati liko tayari?" Akafungua, akapiga mluzi. "Hizi nyeupe! Bibi yetu Agata atafurahi. Ana miaka zaidi ya themanini huyo, miaka miwili anakuja mafundisho anatembea na fimbo. Kesho anabatizwa na kupokea komunyo mara ya kwanza. Ameniambia, Mwalimu, nikishapokea hata nikifa Jumatatu sawa."

Akalifunga bati kwenye kereya kwa mpira, akaondoka. Nikamtazama mpaka akapotea kwenye mahindi. Hostia isiyo ya ngano haiwi Mwili wa Bwana, hata padri asome maneno yote. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Yule bibi ametembea miaka miwili aje kulishwa muhogo, na angeenda kaburini akishukuru.

Kumwambia Bibi Skola kulikuwa na shida yake: habari ingefika kwa Sista. Sista angeuliza jani jeupe vile limepitaje mikononi mwa mkuu wa kazi. Nikisema, namtoa Bibi Skola kwenye kiti chake.

Nikafagia pale pale karibu mara nne. Kisha nikasema. Nilisema vibaya, nikilia, lakini nilisema.

Bibi Skola akakiweka chini kikatio.

"Ndiyo maana jana ulinyamaza," akasema. "Siku nzima hukusema neno. Nikasema moyoni, mtoto leo anaomboleza Bwana. Nikakuombea."

Bora angenipiga.

"Zile za ngano tulizochoma Jumanne zimebaki ngapi?"

"Kama hamsini, bibi. Na kule wako watu mia mbili."

"Padri ana vidole. Atamega. Toka lini Bwana akapungua kwa kumegwa?" Akasimama, akatafuta kitenge chake ukutani. "Ungeniuliza jana ningekujibu hivyo hivyo. Nishike mkono. Kwanza kwa Sista."

Sista alikuwa amesharudi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukaa.

"Na wewe Bibi Skola? Jani jeupe kama chokaa hukuliona?"

"Alikuwa na mafua, Sista," nikadakia, "macho yalikuwa yanatoa ma..."

"Koleta, acha." Bibi Skola akanyoosha mgongo. "Sikuliona, Sista. Sioni jani lolote. Naona mwanga wa dirisha tu, na wenyewe unapungua. Nilikuficha. Huyu alinisaidia kuficha kwa sababu nilimwomba."

Sista akavua miwani. Ule uzi mweupe bado ulikuwepo.

"Najua," akasema. "Nilijua kabla huyu hajaletwa hapa. Wasichana wenye mikono mizuri nilikuwa nao watatu wanasubiri. Nilitafuta mtu asiyeweza kunyamaza, ili wewe usikie chuma kiko wapi."

Kisha akanigeukia, na nilitamani asinigeukie.

"Kazi uliyopewa, Koleta, ilikuwa kusema. Jana ndiyo siku pekee hukuifanya."

Nikaenda kuchukua kopo la hostia za Jumanne.

Sista alitaka kumtuma mwenye bodaboda peke yake. Bibi Skola akakataa. "Kosa la nyumba yangu nalipeleka mwenyewe." Basi tukapanda mshikaki: dereva mbele, bibi katikati amekumbatia kopo la hostia za Jumanne, mimi nyuma namshikilia yeye na Mungu ananishikilia mimi. Njia nzima natangaza. "Bibi, kona. Bibi, dimbwi. Bibi, mbuzi, mbuzi, amepita." Yeye akasema, "Sasa ndiyo wewe."

Tulimkuta Katekista anapanga viti. Nilimweleza mwenyewe. Alitazama bati, akanitazama mimi, akaniita kwa Kingoni jina la mnyama ambalo siandiki hapa kwa kuwa mama anasoma. Kisha akapika chai, na zile za muhogo, ambazo zilikuwa bado hazijafika altareni, tulizila siku ile na kesho yake na watu wa nyumba yake. Kusema kweli zilikuwa tamu. Bibi Skola hakugusa, mfungo wake ulikuwa haujaisha.

Jumapili ya Pasaka padri akamega. Ilichukua muda, kwaya ikamaliza nyimbo zote ikarudia za mwanzo. Mimi na bibi tulikaa benchi la tatu, mdomo wangu sikioni mwake.

"Bibi Agata amesimama, bibi. Amevaa kitenge cha bluu, kipya, hakijafuliwa bado. Amekataa kushikwa mkono. Anatembea. Amefika."

"Amepewa?"

"Amepewa. Kipande kidogo kama ukucha wa mtoto."

"Uso wake?"

Nilitaka kutania, nikaangalia, utani ukaisha. "Kama wako, bibi. Ukishasema ngano."

Akanishika mkono kwa vile vidole vilivyoungua, hakuniachia mpaka baraka.

Bibi Skola hakutolewa. Sista alimwacha kwenye kiti chake miaka mingine kadhaa, na sasa hakukuwa na kuinama mbele ya dirisha. Baadaye Sista akahamishwa, uhamisho wa kweli, wa mabegi. Baadaye tena zikaanza kuletwa hostia za mashine kwenye pakiti, zote sawa, safi. Sizisemi vibaya. Chuma kikapakwa nta mara ya mwisho kikafungiwa kwenye gunia, na nyumba yetu sasa inatunza viti vya plastiki. Ndivyo nilivyostaafu, bila hotuba.

Mnaniuliza uaminifu ni nini, ninyi mnaojiandaa kwa kipaimara na mmepewa swali hilo na mwalimu wenu. Mimi sikusoma sana. Nilidhani kumtumikia Mungu ni kuhakikisha bati limejaa. Kumbe nilichoombwa ni kidogo kuliko hicho, na ni kigumu zaidi: kubaki mahali pangu na kusema kilichopo. Pipa likiwa tupu, useme tupu. Kumega ni kazi ya mwingine.

Siku hizi nakaanga maandazi barabarani hapa Mshangano, ngano tupu, wateja wanalalamika ni madogo. Nikimaliza kuuza napita kwa Bibi Skola, anakaa kwa mtoto wa ndugu yake, hata ule mwanga wa dirisha umeshaondoka. Juzi nilifika nimechoka. Nikaketi mkekani, nikavuta ungo wa maharage, nikaanza kuchambua kimya kimya.

"Koleta."

"Abee, bibi."

"Unafanya kosa gani?"

"Sifanyi kosa, bibi. Nachambua maharage tu."

"Basi sema."

Nikasema. "Hili zuri, bibi. Hili lina tundu, natupa. Hili jiwe. Hili zuri. Hili zuri tena."