Zamu Yetu ya Kuisikiliza Setilaiti

Asubuhi ile bado naiona, mwanangu. Ilikuwa miaka ya sabini, nami niliondoka Ilula bila kujua nakwenda wapi. Shule niliiacha darasa la tano, lakini swali moja halikuniacha. Redio ilisema kuna vyombo vinazunguka angani na watu walio chini wanawasiliana navyo. Wanawasilianaje?

Nilidandia lori la Mbeya. Tuliposimama Chimala, mpakiaji mmoja wa mchele aliponisikia nikiuliza, alicheka. "Mbeya kuna fundi redio, Ambakisye, anasikiliza hivyo vitu. Ila hapendi wageni, na wewe unaonekana mgeni kila mahali."

Nilimkuta Ambakisye kwake Mbeya jioni, manyunyu yakianguka, akifunga antena kwenye mlingoti wa mwanzi.

"Shikamoo, baba. Naomba unifundishe kazi hii."

"Marahaba. Umesoma mpaka wapi?"

"La tano."

"Aliyekutangulia alikuwa na cheti. Baridi ikamrudisha kwao." Akanitazama miguu. "Na wewe huna hata viatu. Haya, shika mlingoti. Setilaiti itatokea kusini, itazama kaskazini. Nikikuashiria kwa mkono, geuza taratibu. Ukiipoteza, kesho urudi ulikotoka."

Nilitamani kutazama juu.

"Tazama mkono wangu," akasema. "Huko juu utaona mawingu tu."

Redio ikakoroma, kisha ukaja mlio mwembamba kama wa kifaranga. Niligeuza. Vidole vilikufa ganzi, nikaendelea kugeuza. Mlio ulipofifia nilizidi kuufuata, mpaka akanishika bega.

"Acha. Imeshavuka milima. Mbele huko kuna wenzetu wenye antena zao, sasa ni zamu yao. Hakuna kituo kinachoiona njia yote, ndiyo maana viko vingi."

"Itarudi?"

"Kesho. Wewe je, utakuwepo?"

Mimi, ambaye tangu niache shule sikuwa nimekaa mahali hata mwezi, nikajibu kwamba nitakuwepo.

"Mama Atupele," akamwita mkewe, "mtandikie huyu pale penye magunia. Na umtafutie soksi."

Mwanangu, usione haya kuuliza, hata kama shule uliiacha njiani. Lakini ukishauliza, kaa upate jibu. Unachokitafuta hakikai juu yako siku nzima. Kikipita, kikukute ukiwa tayari. Fanya sehemu yako mpaka mwisho, kisha mwachie mwenzako bila kinyongo. Mungu akuzidishie nguvu, na popote utakapofika ugenini jua likizama, akujalie mtu wa kukufungulia mlango.