Neno la Siri Lilikuwa Ming'oko

Mama wa masijala ndiye aliyenilisha ming'oko mara ya kwanza. Mimi mtu wa bara, nimeletwa Mtwara kufundisha kompyuta chuoni, nilipoona vile vizizi vyembamba nilidhani ni dawa. "Kula, mwalimu, haing'ati!" Ofisi nzima ikacheka. Siku hiyohiyo nikalifanya jina hilo neno la siri la seva yetu ya Linux. Ni chakula cha Wamakonde, na pale ofisini Mmakonde alikuwa yeye peke yake. Nani mwingine angelikisia? Nilijiona mjanja, mjinga mimi!

Nilikuwa naingia kwenye seva nikiwa chumba cha kompyuta cha wanafunzi, nisitembee juani hadi ofisini. Mwenzangu wa Dar es Salaam alinipa sidii yenye SSH, programu inayofunga kila unachoandika kabla hakijapita kwenye waya. Mimi nikabaki na Telnet niliyoizoea, inayopitisha kila kitu wazi, hata neno la siri. "Aa, huku Mtwara nani atakaa kusikiliza waya?" nikamwambia.

Muhula ule alama za mitihani zilizokuwa kwenye seva zikabadilishwa. Mkuu wa chuo akatuita, akaniuliza neno la siri. Nikalitaja.

"Ming'oko?" Akamgeukia mama. "Basi mwizi tunaye."

Nilijua palepale. Mwanafunzi yeyote angeweza kulidaka kwenye waya, na mwenye kosa ni mimi. Lakini nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, nikaogopa.

"Mimi hata kuiwasha hiyo kompyuta siwezi," mama akasema. Alibakiza mwaka mmoja tu astaafu. "Mwalimu, si unajua? Waambie, mwanangu."

Nikatazama viatu vyangu. "Uchunguzi utaonyesha," nikasema.

Hakuna aliyechunguza chochote. Wakamfukuza. Kesho yake nikaweka SSH. Ilinichukua nusu saa. Nusu saa tu, jamani!

Miaka ilipita, nikamkuta mama yule mtaani Chikongola, anauza ming'oko ya kuchemsha. Nilitaka kupita upande wa pili, akawahi kuniita. Akanijazia mfuko. "Kula, mwalimu. Haing'ati." Hakucheka. Nikasema ahsante mama, nikashika njia na mfuko wangu.

Nyumbani binti yangu akachungulia mfukoni. "Baba, hivi vinaitwaje?"

"Sijui," nikamwambia.