Ritifaa za Mwalimu

Mwalimu alikuja ofisini kwangu asubuhi moja ya mvua, flashi yake ikiwa imefungwa fundo kwenye ncha ya leso. Nilimfahamu mama yule. Tulikuwa majirani Kaloleni, na kabla hajastaafu alikuwa amefundisha kusoma watu wengi wa mtaa ule. Mimi sikuwa mmoja wao. Nilikulia mtaa wa Manyatta, katika nyumba ya Waluhya, na Kidholuo changu nilikiokota kwenye foleni za maji na sokoni.

"Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu, "si wewe ndiye unatengeneza kompyuta?"

Nilimweleza kwamba sitengenezi kompyuta, naandika programu. Akasema ni sawa tu, akaketi.

Ndani ya flashi kulikuwa na hadithi za Kidholuo. Miaka ile alipokuwa akifundisha, Mwalimu alikuwa akiwafuata wanawake waliokuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni, akiwasikiliza, kisha alasiri akipitia kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha kanisa, ambako walimruhusu kutumia kompyuta yao. Kiwanda kilifungwa. Karatasi alizokuwa amezihifadhi kwa binamu yake mtaani Nyalenda zilichukuliwa na mafuriko. Ikabaki flashi.

"Fundi wa kwanza aliniambia ni virusi," alisema. "Wa pili akasema imeoza. Wa tatu alisafisha hadithi moja, akachoka, akaniambia nitafute mtu wa kuziandika upya. Sasa ataandika akiangalia wapi?"

Nikafungua faili la kwanza. Palipostahili kuandikwa ng'ato, yaani mtu, palikuwa na ngÕato. Ang'o, yaani nini, ilikuwa angÕo. Maneno ya wahusika, badala ya alama za kunukuu, yalianza na Ò na kuishia na Ó, ukurasa baada ya ukurasa, bila kukosea hata mara moja. Nilipoona jinsi makosa yale yalivyokuwa na nidhamu, nilijua kazi imekwisha kabla sijaianza.

"Haijaoza, Mwalimu. Kila kitu kiko."

"Kiko wapi na mimi nasikia watu wakisoma takataka?"

Nilisogeza kiti karibu. Nilimwambia kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Ikitaka kuonyesha herufi, inatazama jedwali linalosema namba hii ni herufi gani. Zamani kila mtengenezaji alikuwa na jedwali lake. Kwenye kompyuta ya kanisa, namba mia mbili na kumi na tatu ilikuwa ritifaa, ile alama ya juu tunayoiweka kwenye ng'ombe. Kompyuta yangu ilikuwa imetumia jedwali jingine, na humo namba hiyohiyo ni O yenye wimbi kichwani.

Alifikiri kidogo. "Kwa hivyo umeingia darasa la sita na rejista ya darasa la nne."

"Ndiyo hivyo."

"Ukiita namba tano anasimama mtoto mwingine. Na watoto hawana makosa."

Kazi hii nimeifanya kwa miaka, na nimeieleza kwa mameneja wa vyama vya akiba na wakuu wa hospitali. Hakuna aliyewahi kuishika haraka namna ile.

Kwanza nilinakili kila kitu pembeni, kwa sababu faili la mtu halichezewi likiwa moja. Kisha nikaiagiza programu isome kwa jedwali la zamani na iandike kwa jedwali jipya ambalo siku hizi linatumika karibu kila mahali, lenye nafasi ya maandishi ya ulimwengu mzima. Ilimaliza kabla sijatoa mkono kwenye kibodi. Zile O zilikuwa zimeondoka, na ritifaa zimekaa mahali pake.

"Soma," Mwalimu aliniambia. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na skrini kwake ilikuwa mwanga mtupu.

Nilisoma kwa Kidholuo changu cha sokoni. Alinirekebisha mara kwa mara, bila kuchoka, kama aliyerudi mbele ya darasa. Hadithi ya kwanza ilipoisha, alikuwa amefumba macho. "Endelea," alisema.

Tulikwama kwenye ile iliyosafishwa na fundi wa tatu. Ilikuwa hadithi ya ng'ombe aliyekataa kukamuliwa mpaka aimbiwe, na ndiyo hadithi Mwalimu aliyoipenda kuliko zote. Fundi yule alikuwa amefuta kila alama asiyoielewa, kisha akahifadhi juu ya faili la awali. Hapo hapakuwa na namba ya kutafsiri. Ritifaa hazikuwapo kabisa.

Mwenzangu tunayegawana naye ofisi alitoa shauri. "Si uweke tu alama kila penye ng?"

"Na ngege?" Mwalimu aliuliza.

Ngege, yule samaki tunayemla kila siku, haandikwi kwa ritifaa. Wala ngima, uhai.

Lakini nilikuwa na hadithi nyingine zote, nzima, na ndani yake maneno mengi yaleyale. Niliandika programu fupi: chukua kila neno lenye ng katika hadithi zile nzima, jifunze lipi lina ritifaa na lipi halina, kisha nenda kwenye ile iliyoharibiwa urudishe. Neno usilolijua, liache na uliwekee alama nyekundu. Mchana ule hadithi ilikuwa imerudi karibu yote. Nyekundu zilizobaki Mwalimu alizimaliza kwa sikio, nikimsomea naye akijibu, "Hilo lina alama. Hilo halina."

Likabaki neno moja tu, jina la ng'ombe mwenyewe, ambalo lilikuwa ndani ya wimbo.

"Lina alama," alisema Mwalimu. Kisha akasita. "Ngoja. Nipigie dada yangu. Wimbo huu tuliuimba nyumbani."

Dada yake mkubwa aliishi Seme, karibu na ziwa. Nilipiga simu, nikaiweka kwenye spika. Baada ya salamu ndefu, Mwalimu alimwomba aimbe wimbo wa ng'ombe. Upande wa pili sauti ya kikongwe ikaanza, ya chini, isiyo na haraka. Mwenzangu aliacha kuandika. Jina lilikuja mara kadhaa, na kila mara lilitamkwa kwa ng ya ngege.

"Umekosea," Mwalimu alimwambia dada yake.

"Mimi ndiye nilikuwa nakamua," dada alijibu. "Wewe ulikuwa umefungwa mgongoni kwangu."

Walibishana kwa Kidholuo cha haraka ambacho sikukipata chote. Baadaye Mwalimu alicheka, akamuaga, akanirudishia simu. Alikaa akiikunja leso yake.

"Maisha yangu yote nimeliimba vibaya," alisema. "Andika yake. Yeye alilisikia kwa mama. Mimi nililisikia mgongoni."

Nikaandika ya dada.

Hadithi zile zikawa kitabu, kikachapishwa mjini, chembamba, jalada la kijani. Kabla hakijaingia mtamboni nilikwenda mwenyewe kuangalia kwamba kompyuta ya mchapaji inasoma kwa jedwali sahihi, na nilisimama pale mpaka kurasa za majaribio zikatoka safi. Mchapaji aliniuliza kama siwaamini. Nilimwambia nawaamini, na nikaendelea kusimama.

Tulipeleka nakala Seme siku ya Jumamosi. Dada hakujua kusoma, kwa hiyo mjukuu wake wa kike, aliyekuwa likizoni kutoka sekondari, alisoma akiwa amesimama mlangoni. Alipofika kwenye wimbo, wale dada wawili waliimba naye. Mwalimu alilitamka jina kama dada yake, mara ya kwanza kwa uangalifu, kisha kwa sauti kamili. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka nikila viazi vitamu, nikifuata kila neno bila msaada wa mtu.