Kibuyu Kwenye Njia Panda

Cha, cha, cha. Mbegu kavu ndani ya kibuyu. Hata leo nikiosha mchele na punje zikagonga sufuria, mkono wangu husimama kwanza.

Nilikuwa nimeishia kidato cha pili, nachuna majani chai ya nyanya yangu huko Nyacheki, na kichwa changu kimejaa ndoto: saluni yangu mjini, Daraja Mbili, kioo kikubwa, redio juu. Nyanya hakuzikataa. "Ukifungua, mimi ndiye wa kwanza," alisema. "Utanisuka hizi mvi."

Msimu ule ng'ombe wa baba mdogo, mwana wa mwisho wa nyanya, walikufa wakifuatana, midomo ikitoa povu. Watu wakaanza kuyatazama macho ya nyanya, mekundu kwa moshi wa jikoni. Hakuna aliyetamka uchawi. Lakini kwetu kila mtu anajua: mpiga ramli akiishia mlangoni kwa kikongwe, nyumba hiyo haifiki asubuhi.

Baba mdogo ni shemasi. Alimwita mpiga ramli siku ya Ijumaa, akamhimiza: "Fanya haraka, mzee. Jua likizama Sabato imeingia, na mimi ndiye nafungua kanisa." Hakuwa anatania.

Asubuhi hiyo mimi na nyanya tulikuwa tumesoma somo la wiki. Nabii aliyekuwa mateka Babeli anaeleza jinsi mfalme wa huko alivyosimama kwenye njia panda, akatikisa mishale, akatazama ini la mnyama, apate kujua ashambulie mji upi.

"Alidhani anauliza miungu yake," nyanya alisema, akimenya ndizi. "Kumbe Mungu ndiye anamtuma."

"Na mishale ilionyesha wapi?"

"Yerusalemu. Nyumbani kwa nabii."

Nikaokota maganda. Kama mishale ile ilikuwa mkononi mwa Mungu, basi hata kibuyu cha mpiga ramli ni chake, na sikujua atakielekeza wapi.

Jioni ukungu ulishuka mpaka kwenye majani chai. Mpiga ramli alitangulia akitikisa kibuyu kimwonyeshe njia, baba mdogo akamfuata, kisha vijana wa kijiji. Nilijiunga nyuma. Mmoja wao alibeba mtungi wa mafuta.

"Ya nini hayo?" nilimuuliza.

"Ya taa."

"Kwani kwenu kuna taa ngapi?"

Akahamishia mtungi mkono wa pili.

Tukafika njia inapogawanyika. Kulia ni kwenye kituo cha kununulia chai na nyumba za watu wengine wote. Kushoto ni kwa nyanya, peke yake. Mzee akatikisa kibuyu. Hakikulia. Akatikisa kwa nguvu, mkono unapanda, unashuka, sote tunaona, na sauti haipo. Hata vyura wa mtoni walikuwa wamenyamaza.

"Tikisa," baba mdogo alisema.

"Si natikisa."

"Mbona sisikii?"

"Hata mimi sisikii."

Sauti ya nyanya ikatoka ukunguni. "Nani hao wamesimama kwa baridi? Njooni chai kabla Sabato haijaingia."

Mzee aliweka kibuyu chini polepole, kama anayelaza mtoto. Akajipangusa mikono kwenye koti. "Mwenye kazi amefika kabla yangu," alimwambia baba mdogo, akarudi alikotoka bila kugeuka. Vijana wakamfuata, na yule wa mtungi alikuwa karibu kukimbia. Baba mdogo alisimama akitazama viatu vyake, halafu akashika njia ya kushoto. Nilimsikia nyanya akimuuliza kama ameshaoga kwa ajili ya Sabato.

Nikabaki mimi na kibuyu. Nilikiokota, nikakitikisa mara moja.

Cha, cha.

Nilikizibua, nikazimwaga zile mbegu mtaroni, nikazifukia kwa kisigino, moja moja, mpaka giza likanizuia kuona.