Rimu za Watu Wawili

Wote waliojifunza gari kwake walimwita Mwalimu Breki, na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, akifundisha waoga, wajeuri, na wale wanaofumba macho wakiona lori. Alizoea upande huo mpaka nyumbani kwake, runinga ikionyesha gari linakwenda kasi, mguu wake ulikanyaga sakafu wenyewe. Gari lake binafsi hakuwahi kuwa nalo. Alipolinunua hatimaye, ana miaka hamsini na minne, alinunua la michezo: jekundu, la zamani, milango miwili, viti viwili. Majirani walicheka wakashika mbavu. Waache wacheke, wao habari ya picha hawakuijua.

Picha hiyo ilikuwa chumbani kwa binti yake, ukutani juu ya kitanda. Binti aliikata kwenye kalenda akiwa na miaka kumi na miwili. Gari jekundu kama hilo hilo, na rimu kubwa zinazong'aa zimejaa chini ya bodi bila kubakisha nafasi. "Siku moja utaendesha wewe, Mama," alisema, "mimi nitakaa pembeni. Umechoka kukaa pembeni." Mtoto wa maneno hayo utamnyima nini? Akakua, akaenda ng'ambo kusoma, akamaliza, akapata kazi huko huko, na kila mwaka simu ikaleta neno lile lile: mwakani. Mwakani ya kwanza mama alifua mapazia yote ya nyumba. Ilipofika ya sita mapazia yaliachwa yalivyo, lakini shuka la kitanda kile aliendelea kulibadilisha kila Jumamosi, ingawa halikulaliwa na mtu.

Gari lilikuja na rimu za chuma zilizoliwa na kutu, kwa hiyo asubuhi moja alilipeleka kwa fundi wa magurudumu. Fundi huyo alikuwa bonge la mtu aitwaye Nati, ingawa nati yenye unene ule haijatengenezwa bado.

"Nataka inchi kumi na nane," Mwalimu alisema kabla hata ya salamu kuisha. "Za aloi."

"Mwalimu, gari hili liliundiwa ndogo kuliko hizo."

"Mimi nimekuja na macho yangu, Nati. Kumi na nane."

Nati alicheka, akapiga jeki. Alimweleza huku akifanya kazi: rimu ikiwa kubwa, tairi lazima liwe na ubavu mfupi, ili gurudumu zima lisipite kimo chake cha zamani. Likipita, mshale wa mwendo unasema uongo, na usukani unakuwa mzito. Mwalimu aliitikia bila kusikiliza sana, maana gari lilikuwa limeshashushwa chini, na lilikuwa ndilo. Lilikuwa gari la ukutani kabisa. Alilizungusha mtaa mzima peke yake, akapita kwenye matuta yote, na hakusikia hata mkwaruzo.

"Unaona?" alimwambia Nati aliporudi. "Ingia na wewe."

Nati aliingia kwa shida, gari likainama upande wake. Kwenye tuta la kwanza kabisa kitu kilisaga nyuma: grrr. Kwenye la pili tena.

"Tairi linasugua madigadi," Nati alisema. "Ukiwa peke yako springi zinabeba. Mkiwa wawili hazina pa kwenda. Na bodi hii ni kuukuu, nikikunja ukingo wake kuongeza nafasi utapasuka."

"Tatizo ni wewe. Una uzito wa watu wawili."

"Sawa, nimekubali, mimi ni mnene. Kwani huyo atakayekaa hapa nani? Maana kila siku nakuona peke yako."

Hakusema kwa ubaya, lakini neno lilimchoma. Mwalimu aliegesha gari polepole, akazima injini.

"Binti yangu," alisema. "Ana kilo arobaini na nane."

"Tangu lini?"

Kilo arobaini na nane zilikuwa za mzani wa zahanati, wiki ya safari, miaka sita iliyopita. Alitoka nje, akasimama kando ya rundo la tairi kuukuu, akapiga simu.

"Una kilo ngapi siku hizi?"

"Mama! Hata hujambo hakuna?" Binti alicheka. "Sitini na moja. Kwa nini?"

Kilo kumi na tatu. Zilikuwa zimeingia kwenye mwili wa mwanawe moja moja, na hata moja hakuiona ikiingia. Hakujua kama zilikaa mashavuni au mikononi. Aliumia kuliko siku ile aliyomuaga uwanja wa ndege.

"Nachagua rimu," alisema. "Zile za kwenye picha zinasugua akikaa mtu wa pili."



"Mama," binti alisema kwa sauti ya chini, "weka tu zile kubwa. Ufurahie gari lako. Mimi sijui nitakuja lini. Sijui kabisa."

Safari hii hakusema mwakani.

Mwalimu alirudi ndani akiwa amefuta macho, akamtajia Nati kilo mpya. Nati, ambaye alikuwa na mzani wa kupimia aloi chakavu, alijaza vipande vya rimu zilizovunjika kwenye gunia hadi mzani ukasoma sitini na moja. Wakalikalisha kitini, na Mwalimu mwenyewe akalifunga mkanda, akauvuta kuona kama umekaza, kama alivyowafanyia wanafunzi wote. Kwenye inchi kumi na nane lilisaga. Si sana, lakini lilisaga.

"Huo ni mkwaruzo mdogo," Nati alisema. "Na kama hatakuja karibuni..."

"Weka kumi na sita."

"Hazitafanana na picha yako, Mwalimu."

"Nimesema weka."

Zilipofungwa, gari lilionekana la kawaida, na nafasi tupu ilibaki juu ya tairi. Alipita matuta yote ya mtaa ule na gunia pembeni yake. Hakusikia kitu. Akaingia barabara kubwa, mbele yake njia nyeupe, na mguu wake, kwa mara ya kwanza, haukutafuta breki ya pili.

Alikuwa ameshafika nyumbani simu ilipoita.

"Mwalimu," Nati alisema, "umeondoka na gunia langu."

Aliligeukia. Mkanda ulikuwa bado umelikumbatia.

"Nitalirudisha kesho," alisema. "Niachie leo tu."