Choroko na Barafu

Harufu ya choroko zikichemka bila nazi wala kitunguu hunirudisha Weston, mtaa wa Toronto, kwenye fleti yetu karibu na reli, kiangazi kile Baba alipougua mapafu. Nilikuwa na miaka tisa.

Jirani yetu, mwanamke mzee wa Kichina tuliyemwita Bibi Mei, alimwambia Mama kwamba kwao ugonjwa wa baridi hutibiwa wakati wa joto. Ukizembea kiangazi, baridi ikija umekwisha. Mama, ambaye hakuwahi kukubali ushauri wa mtu hata juu ya chumvi, alilishika neno hilo kama amri. Baba akawa ananyweshwa maji ya choroko asubuhi na jioni, analazwa mchana, na kukaa mbele ya feni marufuku. Barafu ndiyo ilikuwa haramu kabisa. Bibi Mei alisema ubaridi huzima moto wa tumbo, basi Mama akazitoa trei za barafu kwenye friza, akazificha juu ya kabati.

Na joto la Toronto, msomaji wangu, usilichezee. Lami ilinuka, na madirisha hayakuingiza hata upepo wa kupoza chai. Baba alikaa, fulana imemganda mgongoni, akilitazama bakuli lake la uvuguvugu.

"Mama Neema, nimehamia nchi ya barafu, na barafu yenyewe nanyimwa?"

"Kunywa, Baba Neema. Mwakani utakunywa ya baridi mpaka meno yafe ganzi."

Alicheka, akakohoa, akanywa. Nami niliamini kabisa kwamba theluji itamkuta mzima.

Haikumkuta. Tulimzika majani ya miti hayajaisha kupukutika. Bibi Mei alikuja na sufuria ya choroko, akasimama nayo mlangoni, asijue aiweke wapi.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo Mama aliponiambia: daktari alishawaeleza, kabla joto halijaanza, kwamba hakuna dawa. Walijua wote wawili. Husemwa mfa maji haachi kutapatapa, lakini Baba hakuwa akitapatapa. Alikunywa ili mkewe apate cha kumpikia.

"Sasa ulitaka tufanyeje, mwanangu?" Mama aliniuliza. "Tukae tunatazamana?"

Akageuza macho kwenye friji.

"Ila barafu," akasema. "Barafu ningempa."