Gorogoro Iliyokataa Kutoka

Mwanangu, mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Shule niliiacha darasa la sita, na leo nina maduka Mosocho na Ogembo. Lakini nakumbuka siku moja kipande cha plastiki kilinishangaza mpaka nikatafuta pa kukaa.

Nilitaka kutengeneza gorogoro za plastiki za kupimia mahindi, maana zile za bati hushika kutu. Tena niliwatangazia akina mama wa soko letu kwamba wakizikosa Jumatatu, waniite mwongo hadharani. Ahadi ya aina hiyo mwanamke hasahau.

Fundi wa kalibu za kumiminia plastiki mjini Kisii, binti anayeitwa Moraa, aliniambia, "Mzee, tuanze na kalibu ya majaribio, ya aluminiamu. Inachongwa haraka. Tutoe gorogoro chache, tuone kasoro, ndipo tuchonge ya chuma. Na kuta zipanuke juu kidogo tu, jicho lisione."

"Gorogoro ya kupanuka? Watasema nimekuja kuwaibia. Chonga chuma, kuta zinyooke kama bati."

"Haitatoka, mzee."

"Nimelipa. Itatoka."

Haikutoka. Plastiki ilipoa, ikang'ang'ania chuma kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Tulivuta, tukagonga, mimi nikaomba. Mama yangu, aliyekuja kwa boda kutoka Itumbe kuona mwanawe akitajirika, akachungulia.

"Obokima, huu ugali wetu, umekula tangu uote meno," akasema. "Lile bakuli ninalogeuzia, limenyooka ama limepanuka juu?"

"Limepanuka," nikakiri.

"Basi hata ugali unajua, wewe hujui."

Moraa akageukia ukuta, mabega yakicheza.

Jumatatu akina mama waliniita mwongo, kama tulivyopatana. Mmoja aliniita mara mbili. Ya pili ilikuwa kwa niaba ya mumewe, ambaye hakuweza kufika. Nikarudi kwa Moraa nimenywea, akachonga ile ya aluminiamu, kuta zikipanuka juu kidogo. Safari hii gorogoro iliteleza yenyewe. Akina mama wakamimina mahindi kutoka kwa bati hadi plastiki, yakalingana, wakanunua huku wakinicheka.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumlipa fundi kisha umfundishe kazi yake. Kitu kigeni kijaribu kwa kidogo kabla hujakitolea kikubwa. Mungu akupe kazi inayotoka bila nyundo, na mama wa kukucheka mapema.

Wangu alisema ushauri ni bure, ila boda nilipe. Ukijumlisha na kile chuma ambacho sasa kinazuia mlango wa duka usifungwe na upepo, somo lote lilinigharimu shilingi laki nne, elfu kumi na nne na mia tatu.